Udongo wenye nguzo: kutoka mahindi ya Kitale hadi maji ya Mto Nzoia

Mahindi mengi tunayosonga sima hapa Pwani hayakupandwa Pwani. Hutoka bara, na sehemu kubwa yake hutoka Trans Nzoia, ambako mji mkuu ni Kitale, na kaunti jirani kama Uasin Gishu na Bungoma. Kwa hiyo namna gunia lilivyokaushwa Kitale mwezi wa Novemba ni jambo linalomhusu mama wa Likoni anayeweka sufuria jikoni mwezi wa Machi.

Nayaanza mazungumzo ya udongo kwa mahindi kwa sababu ndipo watu wengi wanapolisikia jambo hili. Wafugaji wanaujua unga unaochanganywa katika chakula cha kuku na ng'ombe ili kunasa sumu ya kuvu. Unga huo mara nyingi ni udongo. Na mtu akishasikia kwamba udongo hunasa sumu tumboni mwa kuku, haichukui muda kabla hajauliza: mbona nisitie kijiko kimoja katika unga wangu wa sima? Swali ni la haki, na jibu lake linatupeleka mbali kidogo, hadi kwenye aina ya udongo ambayo wanakemia huijengea nguzo ndani yake, na hadi Webuye, kaunti ya Bungoma, ambako nadhani udongo huo una kazi ya maana kuliko tumboni mwa mtu.

Kwanza sumu yenyewe. Aflatoksini hutengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus, ambao hupenda joto, ukame shambani na unyevu ghalani. Kenya inaijua vizuri. Mwaka 1981 iliua watu Machakos. Mwaka 2004, katika Makueni, Kitui na wilaya za jirani, waliougua walihesabiwa kuwa 317 na waliofariki 125. Novemba 2019 shirika la viwango, KEBS, lilizuia chapa tano za unga wa mahindi. Machi 2021 serikali ikazuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyo hiyo, jambo lililozua mzozo wa kibiashara wa siku kadhaa. Kiwango kinachoruhusiwa nchini ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja ya nafaka. Hicho ni kipimo kidogo mno kuonekana kwa jicho, na kupika hakusaidii: sumu hii haivunjiki kwa joto la sufuria, hata sima ikisongwa ikaiva vipi.

Sasa, Kitale iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na kuna baridi. Kuvu wa aflatoksini hawapapendi sana. Wanaopapenda ni wengine, wa jamii ya Fusarium, ambao hutoa sumu iitwayo fumonisini wakati mvua inapoyakuta mahindi bado yako shambani. Hizi ni sumu mbili tofauti, na tofauti hiyo tutaihitaji baadaye. Lakini gunia lililopakiwa likiwa na unyevu halibaki Kitale. Linapanda lori, linashuka hadi kwenye joto la Mombasa, Mariakani au Malindi, linalazwa juu ya sakafu ya saruji katika stoo isiyo na hewa. Hapo sisi ndio tunaompa Aspergillus hali anayoipenda. Kuwalaumu wakulima wa bara peke yao si haki.

Turudi kwenye udongo. Si kila udongo hunasa kitu. Udongo mwekundu unaouona ukitembea Bungoma, ule unaotengenezewa matofali, kwa sehemu kubwa ni kaoliniti pamoja na kutu ya chuma. Chembe za kaoliniti ni matabaka yaliyoshikana kwa nguvu kama kurasa za kitabu kilicholowa kikakauka. Maji hayapiti katikati, na udongo haufuri. Hufaa kwa tofali na chungu, lakini ndani hauna vyumba.

Udongo unaotakiwa hapa ni wa kundi liitwalo smektiti, na maarufu zaidi katika kundi hilo ni montmoriloniti, ambayo ndiyo sehemu kuu ya bentoniti inayouzwa viwandani. Kenya kundi hilo linapatikana kwa wingi katika udongo mweusi wa mbuga: ule wa Kano karibu na Kisumu, wa Mwea na wa nyanda za Athi, unaopasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi na kunasa magurudumu ya matatu na trela wakati wa masika. Kila mjenzi anauogopa, kwa sababu hufura ukinywa maji na kusinyaa ukikauka, na nyumba huchanika. Tabia hiyo hiyo anayoilaani mjenzi ndiyo anayoitafuta mwanakemia.

Hufura kwa sababu ya umbo lake. Kila tabaka la smektiti lina unene wa karibu nanomita moja, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Ni shuka tatu zilizobanwa pamoja: mbili za silika nje, moja ya alumini kati. Ila katika shuka ya kati, baadhi ya atomi za alumini zimebadilishwa na za magnesiamu, na kwa sababu hiyo tabaka zima hubaki na chaji hasi. Ili kusawazisha, ioni zenye chaji chanya, kama za sodiamu au kalsiamu, hujipanga katikati ya tabaka na tabaka. Ioni hizi hazikufungwa. Maji yakija huzizunguka, matabaka yakaachana, udongo ukafura. Ukitia ioni nyingine zenye chaji chanya, zinaingia na za zamani zinatoka.

Molekuli ya aflatoksini ni bapa, kama sarafu yenye pembe, na upande mmoja ina atomi mbili za oksijeni zinazovutwa na ioni hizo za kati. Inateleza ndani ya upenyo na kubaki. Mwaka 1988 Timothy Phillips wa Chuo Kikuu cha Texas A&M na wenzake walichapisha matokeo ya kuku waliolishwa aflatoksini pamoja na udongo wa aina hii, na madhara yakapungua. Baadaye udongo uliosafishwa ulijaribiwa kwa watu nchini Ghana, kwa dozi za gramu 1.5 na gramu 3 kwa siku katika vidonge, kwa miezi mitatu, na alama za aflatoksini katika damu na mkojo zilipungua. Hata Kenya jaribio la aina hiyo limefanywa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017.

Fumonisini je? Hapo ndipo Kitale inapoharibu hesabu. Molekuli ya fumonisini ni ndefu, inajikunja, na ina vikundi vinne vya asidi ambavyo utumboni huwa na chaji hasi. Udongo nao una chaji hasi. Hasi na hasi husukumana. Kwa hiyo udongo wa kawaida unaonasa aflatoksini vizuri huiachia fumonisini nyingi ipite. Mfugaji wa Kitale anayemwaga unga wa kunasa sumu katika mahindi yaliyooza kwa mvua, akadhani amemaliza kazi, ameshughulikia sumu ambayo huenda si yake, na yake ameiacha.

Hapa ndipo nguzo zinapoingia.

Udongo unaofura una kasoro. Ukikauka au ukipashwa moto, maji hutoka, matabaka huanguka moja juu ya jingine na vyumba hufungwa. Fikra ya kuweka kitu kigumu katikati ili visifungwe ni ya Richard Barrer na MacLeod, waliochapisha kazi yao mwaka 1955. Walitumia ioni za kaboni na naitrojeni, ambazo moto huziunguza. Kwa karibu miaka 20 jambo likabaki la maabara, hadi mafuta yalipopanda bei mwaka 1973. Viwanda vya kusafisha mafuta vilitaka kuyapasua mafuta mazito ili kupata petroli zaidi, na vichocheo vyao vya zeolaiti vilikuwa na matundu madogo mno, chini ya nanomita moja, kwa molekuli kubwa za mafuta hayo. Ndipo mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti kadhaa, kila mmoja kwake, walipoanza kujenga nguzo za oksidi za metali ndani ya udongo.

Wazee wetu wa Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa wangeelewa mara moja. Vyumba vya nyumba za mawe za zamani ni virefu na vyembamba, na sababu ni boriti: dari hubebwa na miti ya mikoko, na mkoko una urefu wake, basi upana wa chumba hauwezi kuupita. Katika udongo wa nguzo, kimo cha nguzo ndicho kinachoamua kimo cha chumba, na kimo cha chumba huamua mgeni gani ataingia.

Utengenezaji wenyewe si uchawi. Udongo huvurugwa katika maji mengi na kuachwa utulie, mchanga ukazama, na chembe laini zilizobaki zikielea ndizo huchukuliwa. Huoshwa kwa maji ya chumvi ili ioni zote za kati ziwe za sodiamu, ambazo hutoka kwa urahisi. Kando, mchanganyiko wa kloridi ya alumini hutiwa kostiki soda tone kwa tone huku ukikorogwa. Hapa haraka haifai. Soda ikizidi au ikimwagwa kwa pupa, alumini hugeuka uji mweupe usiofaa kitu. Ikienda sawa, karibu sehemu mbili hadi mbili na nusu za soda kwa moja ya alumini, atomi 13 za alumini hujikusanya kuwa fundo moja la mviringo lenye chaji chanya saba. Umbo la fundo hilo lilielezwa na Georg Johansson wa Sweden mwaka 1960, kabla ya mtu yeyote kulifikiria kuwa nguzo. Upana wake ni chini kidogo ya nanomita moja.

Maji yenye mafundo hayo huachwa yakomae kwa saa kadhaa, kisha hutiwa polepole ndani ya udongo uliovurugwa. Sodiamu inatoka, mafundo yanaingia. Halafu ni kuosha, na kuosha, na kuosha tena hadi kloridi iishe. Ukitaka kujua imeisha, dondoshea nitrati ya fedha katika maji ya kuoshea: yakigeuka meupe kama maziwa, bado. Mwisho udongo hukaushwa na kuchomwa kwenye tanuri, kwa kawaida kati ya nyuzi 400 na 500 za selsiasi, kwa saa chache. Katika moto huo mafundo hupoteza maji, yakawa oksidi ya alumini, nguzo za kweli zilizoshikamana na sakafu na dari.

Kipimo cha eksirei huonyesha kama kazi imefaulu. Umbali kutoka tabaka moja hadi jingine, ambao katika udongo mkavu wa kawaida ni karibu nanomita moja, hupanda hadi karibu 1.8 na kubaki hapo hata ukichomwa. Uso wa ndani ulio wazi hufika mita za mraba 200 hadi 300 kwa gramu moja. Gramu moja, chini ya kijiko cha chai, ina uso wa kutandika uwanja mzima wa tenisi. Na kwa kuwa nguzo zilipokuwa zikichomwa ziliachia ioni za haidrojeni, vyumba hivyo vina uchachu wa asidi, na uchachu huo huchochea mabadiliko mengi ya kikemia.

Kwa mafuta, hata hivyo, udongo huu ulishindwa. Kichocheo cha kiwanda cha mafuta huchafuka kwa masizi na lazima kichomwe ili kisafike, tena na tena, kwenye mvuke wenye joto linalopita nyuzi 700. Nguzo hazikustahimili, vyumba vikaporomoka, na viwanda vikabaki na zeolaiti. (Kwa wanaouliza kuhusu kile cha Changamwe kilichosimama mwaka 2013: hakikuwa na mtambo wa kupasua mafuta mazito hata kidogo, na hiyo ni mojawapo ya sababu kilishindwa kushindana.) Watafiti wakageukia kazi ambazo hazina moto wa namna hiyo, na kubwa kati yake ni kusafisha maji.

Basi twende Webuye. Kiwanda cha karatasi cha Pan African Paper Mills kilijengwa hapo kando ya Mto Nzoia, kikaajiri maelfu, na kikafungwa mwaka 2009. Waliopita barabara ya Bungoma kwenda Eldoret miaka hiyo wanakumbuka harufu kabla ya kuuona moshi. Karatasi hutengenezwa kwa kuyeyusha gundi ya asili ya mti, ligini, na kuipausha massa iliyobaki. Maji yanayotoka huwa ya kahawia na yana fenoli, na klorini ikitumika kupaushia, fenoli hizo huwa na klorini ndani yake. Hizi huwa sumu kwa samaki, na vijidudu vya mabwawa ya maji taka huzila kwa shida. Kilomita chache kutoka hapo, kwenye kaunti hiyo hiyo, kiko kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanzishwa mwaka 1975, na maji ya molasi nayo huwa meusi yasiyokubali kusafishika haraka. Mto unaopokea hayo yote unashuka hadi Budalang'i na kuingia Ziwa Viktoria, na njiani watu wanateka.

Nguzo za alumini zikichanganywa na chuma, udongo hupata kazi mpya. Ukitia haidrojeni peroksaidi katika maji machafu, ile ile ambayo hospitali hutumia kuoshea vidonda, chuma kilichomo kwenye nguzo huivunja na kutoa chembe kali sana zinazoirarua fenoli vipande vipande, hadi ikawa asidi ndogo ndogo, kaboni dayoksaidi na maji. Kazi hii inaweza kufanywa pia kwa chumvi ya chuma iliyoyeyushwa, na ni njia ya zamani, lakini chuma kilichoyeyuka huishia kuwa tope jekundu ambalo nalo linahitaji pa kutupwa. Chuma kilichofungwa katika nguzo hubaki mahali pake, na udongo unaweza kuchujwa na kutumiwa tena.

Sitaki kuupamba kupita kiasi. Njia hii hufanya kazi vizuri maji yakiwa na uchachu, na maji ya kiwanda mara nyingi hayako hivyo, kwa hiyo lazima yatiwe asidi kisha yarudishwe. Chuma kidogo huchopoka kila mara. Peroksaidi ni gharama ya kila siku, si ya mara moja. Na udongo mwekundu wa Bungoma, kama nilivyosema, hauwezi kujengewa nguzo, kwa hiyo malighafi ingetoka Kano au mbali zaidi, na ingebidi isafishwe sana kwa kuwa udongo mweusi wa shambani una mchanganyiko wa kila kitu. Lakini vifaa vya kutengenezea ni ndoo, mizani, pampu ya kudondoshea na tanuri. Chuo kikuu cha Kibabii kiko karibu na Bungoma mjini, cha Masinde Muliro kiko Kakamega. Hiki ni kitu ambacho mwanafunzi wa kemia anaweza kukijaribu kwa maji halisi ya mto anaoujua, badala ya rangi za maabara zilizonunuliwa katika chupa.

Nimeacha swali la kijiko kimoja katika unga wa sima. Udongo uliojaribiwa kwa watu ni smektiti ya kalsiamu iliyosafishwa, ikapimwa risasi, aseniki na metali nyingine nzito, na wahusika walifuatiliwa na madaktari. Haukuwa udongo wa nguzo. Huo umechomwa, una alumini nyingi iliyoongezwa, na umetengenezwa kwa ajili ya maji na viwanda. Haukutengenezwa kuliwa. Na udongo unaouzwa sokoni kwa ajili ya wajawazito hakuna aliyeupima. Jambo hili si geni kwetu: utafiti uliofanywa Kilifi na kuchapishwa mwaka 1998 uliwahoji wajawazito 275, na asilimia 56 walisema hula udongo mara kwa mara, mwingi ukiwa wa kuta za nyumba. Waliokula walionekana kuwa na upungufu zaidi wa madini ya chuma mwilini. Sera Young naye amefanya utafiti wa miaka Pemba juu ya hamu hii hii, na akaiona inakwenda pamoja na upungufu wa damu. Udongo haujui kuchagua: unaonasa sumu unaweza pia kunasa kile ambacho mwili wa mama unakitafuta.

Yanayosaidia mahindi ni ya kawaida na hayana jina la kisayansi. Kuanika juu ya turubai badala ya ardhini. Kupima unyevu usizidi asilimia 13.5, kiwango kinachodaiwa na Bodi ya Nafaka, kabla gunia halijafungwa. Kupanga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Kuchambua na kutupa punje zilizovunjika na zenye rangi, kwa sababu sumu nyingi hukaa katika punje chache. Kukoboa pia hupunguza aflatoksini na fumonisini zote mbili, kwa kuwa sehemu kubwa iko kwenye ganda na kiini.

Ila hapo pana mtego. Wishwa unaotoka kwenye kukoboa hautupwi; huuzwa kuwa chakula cha mifugo. Sumu iliyoondolewa kwenye sima yetu inakwenda kwa ng'ombe, na ng'ombe akila aflatoksini huitoa ikiwa imegeuka kidogo ndani ya maziwa, yale tunayomnywesha mtoto. Kwenye hori la ng'ombe ndiko unga wa kunasa sumu unakostahili kuwa, uliopimwa na wenye kibali, na mfugaji akijua ni sumu ipi unaishika na ipi unaiacha ipite.